Prosesa mpya, kelele za nini?

Jamani wadau, hii hoja ya "RISC-V nani anaitumia, Debian wanajisumbulia nini?" mimi siikubali hata kidogo. Debian 3.1 ilitoka 2005 bila amd64 kuwemo rasmi. Ikaingia 2007 kwenye 4.0. Leo hiyo amd64 ndiyo iliyojaa kwenye laptopu mnazobishania!

Na kuhamishia Linux kwenye prosesa mpya si mchezo. Kila programu lazima igeuzwe upya kuwa amri ambazo prosesa hiyo inazielewa. Kazi hiyo hufanywa na kompaila, na kompaila nayo ni programu. Sasa yenyewe itageuzwa na nani? Yai na kuku! Basi wanaanzia kwenye kompyuta ya aina nyingine, wanatengeneza vitu vichache vya msingi, ndipo mashine mpya ianze kujijengea maelfu yaliyobaki, hii ikiisubiri ile. RISC-V iliingia kwenye matoleo yasiyo rasmi ya Debian 2018, ikakubaliwa rasmi Julai 2023, ikatoka na Debian 13 Agosti 2025. Miaka saba, tena wengi wanajitolea (sisi asaimenti ya wiki mbili tu tunaomba kuongezewa muda).

Kinachoniuma mimi mwalimu mtarajiwa: Debian 13 hiyohiyo haina tena kisakinishi cha kompyuta kuukuu za biti 32. Lakini siwezi kuwalaumu, bila watu wa kurekebisha kasoro zake prosesa yoyote inaachwa. RISC-V haina ada ya leseni, kiwanda chochote ruksa kuitengeneza. Kompyuta ya bei nafuu ya darasani ikitokea huko, itakuta Linux inaisubiri.

Mbishi aje chumbani, ila aje na hoja.