Roboti au mkono wa daktari?

Wadau, siku hizi ukitaja upasuaji wa saratani ya tezi dume utasikia roboti tu. Eti matundu madogo yanaponya kuliko kufunguliwa tumbo. Jamani, tusidanganyike.

Kule Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine roboti, wengine upasuaji wa kawaida. Matokeo ya kwanza yalitoka 2016. Wa roboti walipoteza damu kidogo, lakini kwenye kubana mkojo na nguvu za kiume, ngoma droo. Mwaka 2018 dalili za saratani kurudi zilionekana chache kwa wa roboti, ila watafiti wenyewe wakaonya tusishangilie, maana matibabu ya baadaye hayakuwa ya aina moja.

Sasa sikia hii. Utafiti wa 2007 kuhusu upasuaji wa kawaida ulionyesha kwamba kwa daktari aliyeshafanya 10 tu, saratani ilirudi ndani ya miaka mitano kwa wagonjwa kama 18 kati ya 100. Kwa aliyefanya 250, kama 11.

Kwa hiyo mzee wako akiambiwa apasuliwe, usianze kuulizia mashine. Uliza: daktari, umeshafanya wangapi?