Baiskeli Kuukuu: Gia Ziondoke, Breki Ibaki

Nyuma ya mabweni ya kambi zetu na kwenye kuta za nyumba za askari polisi hazikosekani baiskeli nyepesi za mbio zilizoachiwa kutu. Zilifika nchini kama mitumba, kutoka Ulaya na Japani, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume na gia kumi au zaidi. Wenyewe walizipenda kwa muda. Kisha kile kifaa chembamba kinachohamisha mnyororo kikapinda, waya zikakatika, na kipuri cha kufanana nacho hakikuonekana sokoni. Baiskeli ikahesabiwa kuwa imekufa, na askari akarudi kutembea kwa miguu au kulipa nauli ya kwenda zamu.

Sisi twasema kwamba baiskeli hiyo haijafa. Kilichokufa ni gia zake. Fremu ingali nzima, rimu zimenyooka, na miguu ya askari haina hitilafu. Fundi mwenye spana na subira aweza kuondoa gia zote pamoja na waya zake, akaacha kigurudumu kimoja cha meno nyuma na kimoja mbele, tena akakifunga kile cha nyuma kisizunguke peke yake. Hiyo ndiyo baiskeli ya gia ya kufungwa: gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, na mpandaji hapati nafasi ya kupumzisha miguu hata mteremkoni.

Wako watakaoibeza gia moja kuwa ni kitu cha watoto. Hao na wakumbuke kwamba mashindano ya kwanza ya kuizunguka Ufaransa, mwaka 1903, yalikuwa ya kilomita 2,428, na washindani hawakuwa na vifaa vya kuhamisha mnyororo. Vifaa hivyo havikuruhusiwa katika mashindano hayo hadi mwaka 1937. Jeshi la Uswisi lilichagua baiskeli ya gia moja mwaka 1905, yenye uzito wa kilo zipatazo 22, likaitumia kwa miongo mingi. Vikosi vyake vya baiskeli havikuvunjwa hadi mwaka 2003. Na askari wa Japani walioteremka rasi ya Malaya kuanzia Desemba 1941 hadi Singapore ilipoanguka Februari 1942, wengi wao walikwenda kwa baiskeli za kawaida. Tairi zilipowaishia, waliendelea kwa rimu tupu. Chombo chenye vipuri vichache kina machache ya kuharibika.

Lakini kazi hii ina kanuni zake. Kwanza itazamwe fremu. Fremu nyingi za zamani zina midomo ya nyuma iliyolala, ambamo ekseli yaweza kusogezwa mbele au nyuma ili kuukaza mnyororo. Fremu ambayo midomo yake imesimama wima haiwezi kufanya hivyo, na afadhali iachwe. Pili, meno ya mbele na ya nyuma yatazamane katika mstari ulionyooka, na mnyororo ukibonyezwa katikati ucheze kiasi cha sentimita 1 tu. Mnyororo uliolegea huruka, na katika baiskeli ya namna hii mnyororo ulioruka waweza kulikwamisha gurudumu ghafla. Tatu, yachaguliwe meno yanayolingana na nchi. Meno 42 mbele na 18 nyuma humpeleka mtu karibu mita 5 kwa kila mzunguko wa pedali. Akizungusha mara 60 kwa dakika, anakwenda kilomita 17 hadi 18 kwa saa, na mwendo huo watosha kumfikisha kazini bila kutweta.

Kanuni ya nne ndiyo inayopuuzwa zaidi. Habu iliyotengenezwa kwa gia ya kufungwa ina hesi za namna mbili: za kukaza kigurudumu cha meno, na nyingine za mkono wa kushoto za kukaza pete inayokizuia kisifunguke. Habu ya friwili ya zamani ina hesi za namna ya kwanza tu. Kigurudumu kitaingia na kuonekana kimekaza, lakini siku mpandaji atakapozizuia pedali kwa nguvu chaweza kufunguka, na miguu ikawa haizuii kitu. Kwa hiyo asiyepata habu inayofaa na atie friwili ya gia moja na breki mbili, aridhike.

Hapa twafika kwenye neno letu kubwa. Katika miji ya Ulaya na Marekani wako vijana wanaozipanda baiskeli hizi bila breki yoyote, wakaona huo ndio umaridadi. Mtindo huo umetoka katika viwanja vya mbio, ambako baiskeli hazina breki kwa sababu wote huelekea upande mmoja na hakuna gari, mtoto wala mbuzi wa kukatiza. Barabara si uwanja wa mbio. Mpandaji anayezuia kwa miguu hulizuia gurudumu la nyuma tu, na baiskeli inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, la nyuma likawa jepesi na kuteleza. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu. Tena mnyororo ukikatika, asiye na breki hana tena namna ya kusimama. Anayeteremka milima ya Kabale katika hali hiyo hatuna ushauri wa kumpa.

Sheria za Uingereza za mwaka 1983 zinaihesabu gia ya kufungwa kuwa breki moja, nazo zadai ya pili katika gurudumu la mbele. Mwaka 2016 mjini London, mwanamke aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na kijana mwenye baiskeli ya gia ya kufungwa isiyo na breki ya mbele, akafariki. Mwaka 2017 mahakama ilimhukumu kijana huyo kifungo cha miezi 18, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1861. Kilichokosekana ni waya mmoja na vipande viwili vya mpira.

Kwa askari jambo hili lina uzito zaidi. Polisi husimamisha lori na kumwuliza dereva habari za breki zake. Je, atauliza kwa uso gani ikiwa yeye mwenyewe amefika barabarani kwa chombo kisichoweza kusimama? Raia hutazama matendo kabla ya kusikiliza amri. Na kwa sababu iyo hiyo twaonya: baiskeli zinazokaa vituoni kama vielelezo vya kesi si ghala la vipuri. Zina wenyewe, au zinangoja amri ya mahakama. Atakayeng'oa hata pedali moja hapo amevaa sare na kufanya kazi ya mwizi.

Basi twawahimiza ndugu zetu wa jeshi na polisi: zitoeni baiskeli zenu gizani. Ondoeni gia zilizokufa, tafuteni fundi anayejua hesi zake, tieni breki ya mbele iliyo imara. Fungeni suruali kwenye kifundo cha mguu, wala asiguse mtu mnyororo gurudumu linapozunguka, kwa maana hukata kidole. Jifunzeni kwanza katika uwanja wa gwaride kabla ya kuingia barabarani. Anayejua kwenda ni mpanda baiskeli nusu. Anayejua kusimama ndiye aliyekamilika.