Ngoma Bila Maana Haiokoi Lugha

Kila msimu wa tamasha za muziki unapowadia, viwanja vya shule za Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Dandora, huhanikiza ngoma. Wanafunzi hucheza isukuti kwa ustadi unaowapa walimu wao fahari. Lakini hebu mwulize mchezaji maana ya maneno anayoyaimba. Aghalabu atatabasamu na kunyamaza. Nyumbani huzungumza Kiswahili na Sheng. Maneno ya wimbo ameyakariri kama kasuku.

Hilo si kosa la mtoto. Mitaa hii ilikutanisha watu wa makabila mengi, nao walihitaji lugha ya kuelewana. Kosa ni letu sisi watu wazima, tunaodhani kwamba ngoma ikichezwa, lugha nayo imeokoka.

Mwaka 2014, UNESCO iliiorodhesha isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma hiyo haichezwi kwa miguu peke yake. Mwimbaji mmoja huongoza na wenzake humwitikia, na wimbo hufuata hafla, iwe ni arusi, jando au mazishi. Asiyeijua lugha hawezi kutunga ubeti mpya, na ngoma isiyopata ubeti mpya imekwisha kufa, hata kama miguu ingali inaruka.

Tuna la kujifunza kutoka India. Katika Bharatanatyam, ngoma ya kale yenye asili ya Tamil Nadu, mchezaji hufasiri maneno ya wimbo kwa mikono, macho na uso. Nyimbo zenyewe ni za Kitamili, Kitelugu au Kisanskriti. Asiyeelewa neno hawezi kulifasiri, na kwa hiyo ukumbi wa ngoma huwa pia darasa la lugha.

Wapo watakaosema kwamba kufundisha lugha za asili mjini ni kuchochea ukabila. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ukabila hulelewa na dharau, wala si na msamiati. Mtoto wa Kikamba aliyeelewa wimbo wa Waidakho atamheshimu zaidi jirani yake.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali kukuza lugha za asili. Hata hivyo, Katiba haifundishi wimbo. Walimu na wawaalike wazee wa mtaa kwenye mazoezi, waandike maneno ubaoni na kuyaeleza. Waamuzi wa tamasha nao watenge alama kwa ubeti uliotungwa na wanafunzi wenyewe. Nawe mwanafunzi, mwulize nyanya yako angali hai. Wayaaku wa Mukogodo, Laikipia, walihamia Kimaasai katika karne ya 20, na leo wanaoijua lugha ya mababu zao ni wa kuhesabika. Lugha haihitaji adui ili ife. Yatosha kizazi kimoja kisiulize.