Siku ya Kliniki, Kopo Nalo Liende

Ndugu zangu, ni nadra kuingia nyumba yenye wazee ukakosa anayelalamikia viungo. Huyu ana baridi yabisi, yule jongo, mwingine magoti yamesagika kwa umri na kwa miaka ya jembe. Na pale anapoweka vidonge vyake vya hospitali, mara nyingi pana kopo: unga wa manjano na tangawizi, mizizi iliyosagwa, au mafuta ya kuchua yaliyotiwa pilipili. Ombi langu ni hili: siku ya kliniki, kopo hilo nalo liende.

Wengi huliacha nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa. Lakini baadhi ya dawa za hospitali nazo zina asili ya mimea. Asprini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1897, chimbuko lake ni dutu za gome la mwerebi. Kolchisini, wanayopewa wenye jongo, imo pia katika Gloriosa superba, ule mmea wa vichakani unaotambaa na kutoa maua mekundu yenye kingo za manjano. Kiasi kidogo cha kolchisini hutuliza jongo. Kikizidi huua, na nafasi kati ya viwango hivyo viwili ni finyu. Kitu chenye nguvu hivyo hakifai kuwa siri.

Chukueni manjano, maana ndiyo yanayosifiwa zaidi. Dutu inayotafutwa humo ni kurkumini, na katika unga wa kawaida ni takriban asilimia 3 tu ya uzito. Majaribio kadhaa, mengi yakiwa madogo na ya muda mfupi, yameonyesha kwamba hupunguza maumivu ya goti lililosagika kwa kiasi fulani. Shida ni kwamba ikimezwa peke yake, inayofika kwenye damu ni kidogo mno. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliichanganya na piperini, ile dutu inayoipa pilipili manga ukali wake, wakaona kiwango chake kwenye damu kikipanda mara 20. Tangu hapo vidonge vingi vya manjano huuzwa vikiwa na piperini.

Hapo ndipo pa kusimama. Piperini huweza kuuchelewesha mwili kuondoa dawa nyingine pia, si kurkumini peke yake. Mzee anayemeza wafarini ili damu isigande anaweza kujikuta anatokwa na damu ovyo, na daktari asijue sababu. Wako pia watu walioumia ini kwa vidonge vya kurkumini vya kiwango kikubwa. Sisemi haya kuhusu manjano ya kwenye mchuzi wa nazi; hayo pikeni kama mlivyozoea.

Kinachonitia hofu zaidi ni lile kopo lisilo na mmea wowote wa maana ndani. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo. Maabara iliona ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, dawa za hospitali ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko. Deksamethasoni ni steroidi: hutuliza uvimbe haraka, kisha ikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuufanya mwili uache kujitengenezea homoni zake. Kwa hiyo unga wa "mitishamba" unaomaliza maumivu ya miaka mingi kwa siku moja, mimi nautilia shaka. Mimea mingi husaidia polepole. Hata krimu ya kapsaisini, dutu ya pilipili, hupakwa mara kadhaa kwa siku kwa wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana vizuri.

Kwenu madaktari na wauguzi: ulizeni, tena kwa upole. Msiulize tu "unatumia dawa gani?", kwa sababu wengi hawaihesabu mitishamba kuwa dawa. Waulizeni wanakunywa nini, wanajipaka nini, nani aliwapa. Mgonjwa aliyefokewa mara moja hatasema tena, na atakayeumia ni yeye.

Kwenu waganga na wauzaji: andikeni kwenye kopo jina la mmea, sehemu iliyotumika na kipimo. Mwenye dawa ya kweli hapotezi kitu kwa kufanya hivyo.

Nawe unayemtunza mzazi, andika kwenye karatasi anatumia nini, kiasi gani na tangu lini, kisha itie mfukoni pamoja na kopo. Ukishuku kuwa kuna steroidi ndani, usimkatishe ghafla, kwani mwili uliozoea steroidi unaweza kuzidiwa ikikatwa kwa siku moja. Mpeleke kwa daktari kwanza, wala usingoje tarehe ya kliniki.