Wao Ukuta, Sisi Kivuli?



Kule Tervuren, karibu na Bruxelles, iko nyumba ya makumbusho ya Kongo, iliyofunguliwa mwaka 1910. Ukutani mwake yameandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa katika inchi yetu tangu 1876 mpaka 1908. Na Wakongomani waliokufa miaka ile kwa kubeba mizigo na kugema mpira, wako wapi? Ukutani hawako.

Mwaka 1897 watu wetu 267 walipelekwa Ubelgiji, wazungu wawatazame katika maonyesho. Saba walikufa: Ekia, Ngemba, Kitukwa, Mpemba, Sambo, Nzau na Mibange. Ndugu Freddy Tsimba wa Kinshasa ameandika majina yao juu ya vioo vya madirisha, na jua likiwaka, kivuli chao kinaanguka juu ya ukuta ule. Tunamshukuru. Lakini jua likizama, saba wanatoweka, 1,508 wanabaki.

Hatusemi majina ya wazungu yafutwe. Nao walizaliwa na mama. Tunasema: historia hii ni shamba la wawili, mmoja asipewe ukuta na mwenzake kivuli.

Sisi tunaoshika vitabu vya kazi mgodini tunajua: asiyeandikwa halipwi. Basi tusingoje Ulaya. Kila nyumba iandike leo majina ya mababu waliokufa njiani, porini na mgodini. Tukinyamaza, wengine watatuandika wapendavyo.