Umekisoma Kitabu Chenyewe?



Mwanafunzi wetu mmoja wa kidato cha sita aliniletea insha yake ya Fasihi ya Kiingereza niipitie. Ilihusu tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Aliandika kwamba Shylock alimkopesha Antonio dukati 3,000 kwa riba, kisha akaleta aya inayoharamisha riba. Aya nimeifurahia. Nikamuuliza, "Kitabu umekisoma?" Akainama. Kumbe alisoma madesa tu.

Katika kitabu, mkopo ule hauna riba hata senti. Sharti lake ni ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, ikipita miezi mitatu hajalipa. Kweli Shylock ni mla riba, na humchukia Antonio kwa kuwa hukopesha bure. Lakini Antonio naye alikuwa akimtukana na kumtemea mate, Myahudi yule. Hilo kijana hakulijua, akamhukumu mtu kwa nusu ya kesi.

Hapa chuoni hatupokei hadithi bila kuuliza nani kaipokea kwa nani. Mbona huko skuli mnapokea karatasi isiyo hata na jina la mwandishi?

Wapo wenzangu wasemao vitabu hivi viachwe kabisa. Mimi sioni hivyo. Kuvisemea bila kuvisoma ndiko kunakonitia hofu.

Insha nimemrudishia bila alama. Kitabu amekwisha kukiazima, nami nangoja insha ya pili.