Chupa haizeeki kabatini

MSOMAJI mpenzi, ikiwa umewahi kupeleka mahari, basi wajua kwamba orodha ya wazee haina mzaha. Yangu, mnamo Agosti 2015, ilikuwa na mablanketi, sufuria, leso za akina mama na mbuzi wasio na dosari. Hayo niliyatarajia. Kilichonitoa jasho kilikuwa mwisho kabisa wa karatasi: chupa moja ya wiski, "ile ya mnyama mwenye pembe, si nyingine".

Wajuzi wa mambo walinieleza kuwa mzee alimaanisha Glenfiddich ya miaka 12. Nilipofika dukani na kutajiwa bei, nilidhani muuzaji amekosea kusoma. Ilikaribia Sh5,000! Kwa pesa hizo vijana wa mtaani kwetu wangenunua mizinga kadhaa ya vinywaji vyao vya kawaida na bado wakabaki na nauli. Nilikopa Sh2,000 kwa mwenzangu kazini, nikainunua.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma pande zote, kisha akaiweka juu ya kabati la sebuleni, kando ya picha ya harusi yake. Hakuifungua. Nilidhani anangoja tuondoke. Krismasi iliyofuata ilikuwa pale pale, na mzee akawaambia wageni kwa fahari, "Hii sasa imefika miaka 13."

Nilinyamaza. Wewe ungemsahihisha baba mkwe wako mbele ya wageni?

Lakini baina yangu na wewe hakuna ukwe, kwa hivyo acha nikwambie. Wiski haizeeki ndani ya chupa. Huzeeka ndani ya pipa la mti wa mwaloni, na siku inapotiwa chupani umri wake husimama hapo hapo. Chupa ya Macallan iliyouzwa kwa mnada jijini London mnamo Novemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2.1, karibu Sh400 milioni za wakati huo, ilitengenezwa mwaka wa 1926 na kutiwa chupani 1986. Huitwa ya miaka 60. Ile miaka 37 iliyokaa kwenye kioo haikuhesabiwa, ingawa bei yake, waama, ilizidi kupanda.

Sasa swali ambalo wengi huniuliza: kwa nini kinywaji hiki, ambacho wanaokijua hukiita singo molti, kiwe ghali kiasi hicho?

Wasomaji wa magharibi mwa nchi hawana haja ya kuelezwa kimea ni nini, kwani busaa haipikwi bila kimea cha wimbi. Kule Uskoti kimea ni cha shayiri. Nafaka hulowekwa, ikaota, ikakaushwa, ikasagwa, ikachanganywa na maji ya moto, kisha ikatiwa hamira na kuachwa ichache. Hadi hapo ni pombe tu, nyanya yako angeielewa. Baadaye hupikwa ndani ya vyungu vikubwa vya shaba, aghalabu mara mbili, na mvuke wake kukusanywa. Nitasema wazi kwamba hata mpishi wa chang'aa angeielewa hatua hiyo. Neno singo halimaanishi pipa moja, la hasha. Maana yake ni kwamba wiski yote iliyo chupani imetoka katika kiwanda kimoja, na imepikwa kwa kimea cha shayiri pekee bila nafaka nyingine.

Tofauti na chang'aa inakuja baada ya hapo. Sheria ya Uskoti inataka kinywaji hicho kikae katika mapipa ya mwaloni, humo humo nchini mwao, kwa muda usiopungua miaka 3, na kikitoka kisiwe na nguvu chini ya asilimia 40. Mwenye kiwanda hungoja miaka 10, 12 au 18, akilipia ghala na walinzi bila kupata senti. Na pipa lenyewe linavuja! Kila mwaka karibu asilimia 2 hupotelea hewani, na Waskoti husema hilo ni fungu la malaika. Piga hesabu. Baada ya miaka 12 malaika wamekunywa zaidi ya moja kwa tano ya pipa. Wakifika miaka 18 wamemaliza karibu thuluthi. Ndiyo maana chupa ya miaka 18 aghalabu huuzwa mara mbili au zaidi ya ile ya 12.

Halafu inapanda meli. Ikifika Mombasa hukutana na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Ajabu ni kwamba ule ushuru wa bidhaa haujali bei. Mzinga wa vijana na chupa ya mzee, zikiwa na ujazo na nguvu sawa, hulipa sawa. Kwa hivyo mwanya uliobaki kati ya bei hizo mbili ni wa pipa, wakati, safari, na, tusidanganyane, jina na lile boksi la kupendeza.

Mwaka jana nilijinunulia yangu. Sh6,400. Mama watoto aliipata risiti mfukoni mwa suruali alipokuwa akifua, akaiweka mezani chini ya kikombe changu cha chai bila kusema neno. Nilikunywa chai ile nikiitazama. Pesa hizo zilikuwa za viatu vya shule vya watoto wawili, mitungi miwili midogo ya gesi, na chenji. Alipozungumza hatimaye, aliniuliza swali moja tu: "Utaimaliza kwa siku ngapi?"

Swali hilo ndilo kipimo changu hadi leo, nami nakukabidhi. Chupa ya mililita 700 hutoa toti 23 za mililita 30. Yangu, basi, ilinigharimu kama Sh280 kwa toti, na nilikunywa toti moja kila Jumamosi usiku. Ikaingia mwezi wa sita. Rafiki yangu aliyeninanga kwa kutapanya pesa humaliza mzinga mmoja wa bei rahisi kila wikendi na hajui ladha yake ni ipi. Hata hivyo sijidai. Viatu vile vilichelewa wiki mbili, na mwenye kuvihitaji alijua.

Siku hizi tuko wanne. Kila mmoja hutoa sehemu yake, tunanunua chupa moja kila baada ya miezi mitatu na kuionja kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja. Wake zetu hawalalamiki sana. Kama hunywi, msomaji, usianze kwa sababu yangu.

Lakini ukinywa, usiitie soda. Ukitaka soda, kanunue soda. Chukua glasi nyembamba mdomoni, mimina kidogo, na unuse kabla ya kuonja, midomo ikiwa wazi kidogo ili ukali usikuchome pua. Ile ya pembe utaisikia peasi. Zile za kisiwa cha Islay, kama Laphroaig, hunukia moshi na dawa ya hospitalini, kwa kuwa kimea chake hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa na kuanikwa kama kuni. Wapo wanaozipenda mno. Mimi nilidhani nimeuziwa dawa ya kuoshea vidonda. Ongeza matone machache ya maji na unuse tena. Harufu zilizokuwa zimejificha hujitokeza.

Nunua kwenye duka unaloweza kulirudia, kagua stempu ya KRA kwa programu yao ya Soma Label, na ukimaliza chupa usimpe mtu anayekusanya tupu. Zingine hurudi sokoni zimejaa mambo mengine. Iweke wima, maana wiski ikikigusa kizibo kwa muda mrefu hukila, na iwe mbali na jua.

Ya mzee ilikuwa mkabala wa dirisha.

Krismasi ya 2024 tulifika kwake tukakuta amepungua. Presha na sukari vimemwandama, na daktari amemkataza pombe kabisa. Baada ya chakula aliniita kando ya kabati. "Mwanangu," akasema, "nilikuwa naingoja siku ya maana. Sasa nimekatazwa. Nifungulie, angalau niinuse."

Karatasi ya chupa ilikuwa imepauka upande wa jua, na kinywaji kimeshuka kama upana wa kidole. Kizibo kilikatikia shingoni, ikabidi shemeji yangu alete chujio la chai. Nilimmiminia kidogo. Aliinusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba, kisha akaimwaga ndani ya glasi yangu. Nilionja. Ile peasi ilikuwa imefifia, imebaki mbao na ukali.

"Ina miaka mingapi sasa?" akauliza.

Mama watoto alinitazama.

"Ishirini na mmoja, mzee," nikasema.